Ukiambiwa "Lipa Kodi ya Barabara!", Fanya Hesabu Hii Kabla ya Kujibu

Aliyenipa somo hili ni dereva mmoja kwenye taa nyekundu. Alishusha kioo, akaitazama baiskeli yangu yenye kikapu mbele, akanitazama na mimi, kisha akasema: "Mama, lipa kodi kwanza ndiyo uje barabarani." Nilimjibu neno ambalo siwezi kuliandika hapa. Taa ikawaka kijani, akaondoka zake, nami nikakanyaga pedali kwa hasira hadi nikaipita kona yangu. Kwa kazi mimi ni mhasibu. Kilichoniuma baadaye si lile tusi. Ni kwamba nilikuwa nimeulizwa swali la hesabu nikalijibu kwa mdomo mtupu.

Tangu siku hiyo nina utaratibu wangu. Nimeutumia kwenye vikao vya mtaa, kazini, na hata mezani na shemeji yangu ambaye hajawahi kupanda baiskeli tangu utoto.

Anza kwa kumuuliza mwenzako anataka nini hasa. Watu hufunga mambo manne kwenye fungu moja na kuyaita "kodi". Kodi ni ya kukusanya fedha. Usajili ni wa kujua kitu ni cha nani. Leseni inathibitisha kwamba mtu anaweza kuendesha. Bima inamlipa aliyeumizwa. Kila moja ina sababu yake na gharama yake, na hoja inayofaa kwa moja haifai kwa nyingine. Ukiuliza, "Unataka nilipe, au unataka nijulikane?" mara nyingi utapata kimya kidogo, halafu jibu: "Vyote." Sawa. Basi mvichambue kimoja kimoja, na mwanze na fedha, maana ndiyo inayopigiwa kelele.

Tafuta fedha inatoka wapi na inaingia wapi. Usikisie, fungua bajeti ya nchi yako na ya halmashauri yako usome. Uingereza, ambako maneno "kodi ya barabara" yanarushwa sana kwa wapanda baiskeli, ni mfano mzuri wa jina kuishi kuliko mwenye jina. David Lloyd George, waziri wa fedha wa wakati huo, aliianzisha kodi hiyo kwenye bajeti yake ya 1909, kwa ahadi kwamba fedha za magari zitajenga barabara. Miaka ya 1920 Winston Churchill, akiwa waziri wa fedha, akaanza kuchota kwenye fedha hizo kwa matumizi mengine. Kufikia 1937 uhusiano kati ya kodi hiyo na barabara ulikatwa kabisa, na barabara zikagharamiwa na mfuko mkuu unaochangiwa na walipakodi wote, wakiwemo wasio na gari. Wanacholipa wenye magari kule leo ni kodi ya gari lenyewe, na kiasi chake kwa sehemu hutegemea moshi wa gari; magari ya umeme hayakulipa kitu hadi Aprili 2025. Sijasikia mtu aliyempigia honi mwenye gari la umeme akimwambia atoke barabarani kwa kuwa halipi.

Hapa lazima niwe mkweli, la sivyo ukienda na hoja yangu utaumbuka. Zipo nchi ambako tozo ya mafuta inaingia moja kwa moja kwenye mfuko wa barabara. Kama kwenu ni hivyo, yule dereva ana nusu ya haki: kwenye pampu ya mafuta yeye anachangia, wewe huchangii. Usikatae. Mwambie tu kwamba tozo ile imepangwa hivyo makusudi, anayechoma mafuta mengi alipe mengi, asiyechoma asilipe. Dereva anayeliacha gari nyumbani leo naye hajalipa tozo ya leo. Na kila ulichonunua kilichofika sokoni kwa lori, tozo ya lori lile imo ndani ya bei.

Sasa shika kalamu. Hii ndiyo sehemu ninayoipenda, na ninaomba uifanye kwa mkono wako, usinakili tu majibu yangu.

Kati ya 1958 na 1960, karibu na mji wa Ottawa katika jimbo la Illinois, Marekani, wahandisi walijenga vipande vya barabara vya majaribio wakavipitishia malori usiku na mchana ili waone vinaharibika vipi. Walichokipata kinaitwa kanuni ya kipeo cha nne: uharibifu wa barabara haupandi sawasawa na uzito ulio juu ya ekseli (mhimili unaobeba magurudumu), unapanda kwa uzito huo uliozidishwa kwa wenyewe mara nne. Ekseli yenye uzito mara mbili inaharibu mara 16.

Chukua gari la kilo 1,500. Lina ekseli mbili, kwa hiyo kila moja inabeba kilo 750. Baiskeli pamoja na mtu wake na mzigo kidogo, tuseme kilo 100: kila gurudumu kilo 50. Gawanya 750 kwa 50, unapata 15. Zidisha 15 kwa 15 kwa 15 kwa 15. Jibu ni 50,625. Yaani mimi na kikapu changu tunapaswa kupita zaidi ya mara elfu hamsini ili tuichoshe lami kama gari lile linavyoichosha kwa kupita mara moja. Kama mwenye gari analipa 100,000 kwa mwaka, kwa sarafu yoyote uipendayo, mimi nadaiwa kama 2. Nitalipa leo hii. Nitalipa na ya miaka kumi ijayo.

Usiishie kwenye gari dogo. Fanya na ekseli ya lori yenye tani 10 dhidi ya ile ya gari: 10,000 gawanya kwa 750, kisha kipeo cha nne. Inakaribia 31,600. Hesabu hiyo huwa inapoza ugomvi, kwa sababu dereva anagundua kwamba yeye na mimi tuko upande mmoja wa meza.

(Wahandisi watakukumbusha kwamba jaribio lilikuwa la malori, kwa hiyo kwenye uzito mdogo kama wa baiskeli kanuni hii ni makadirio tu, pale mvua na jua huharibu lami kuliko sisi. Kubali. Hoja haipungui, inazidi.)

Baada ya hapo andaa karatasi ya pili, ya gharama za ofisi. Wengi huisahau hii, na mimi ndiyo iliyonigeuza, maana zamani niliona ada ndogo ya baiskeli ni jambo la haki tu. Orodhesha kila kitu: kibati au stika, daftari la usajili, karani wa kulijaza, kubadilisha jina baiskeli ikiuzwa, vibati vilivyopotea, watoto wanaorithishana baiskeli kila mwaka, na askari wa kusimamisha watu na kukagua. Ada ikiwa ndogo, haitoshi kulipia hayo. Ikiwa kubwa ya kutosha, itazidi thamani ya baiskeli za wengi. Haba na haba hapa haijazi kibaba, inajaza kabati la mafaili.

Si nadharia. Toronto ilisajili baiskeli kuanzia 1935, ikaacha 1957. Moja ya sababu zilizotolewa wakati wa kufuta ni kwamba sheria ile ilikuwa inawafanya watoto wadogo wavunjaji wa sheria bila wao kujua, na kuharibu uhusiano wao na polisi. Uholanzi ilitoza kodi ya baiskeli tangu 1924, unapewa kibati cha shaba cha kuvaa au kufunga kwenye baiskeli. Wasio na kazi walipewa bure, lakini chao kilitobolewa tundu, hivyo kila aliyekiona alijua huyu hana kazi. Kodi ile ilifutwa 1941, na waliofuta walikuwa wavamizi wa Kijerumani. Jambo la ajabu, lakini ndivyo ilivyokuwa. Oregon, Marekani, ilijaribu njia nyepesi zaidi kuanzia 2018: dola 15 mara moja tu, dukani, kwa baiskeli mpya ya dola 200 au zaidi. Hakuna kibati, hakuna karani. Kama ni lazima tulipe kitu, mimi ningechagua hiyo, ingawa naona afadhali wasingesumbuka.

Kisha itakuja hoja ya pili, na hii usiicheke: "Mkitugonga mkakimbia, tutawajuaje?" Bibi aliyegongwa na baiskeli kwenye kivuko ana haki ya kulipwa sawa na aliyegongwa na gari. Jiulize tu kama kibati kitamsaidia. Cha kusomeka kwa mbali hakienei kwenye baiskeli; cha kuenea hakisomeki. Uswisi walilijibu kwa bima. Kila baiskeli ilikuwa na stika ya mwaka inayoonyesha kuna bima ya kumlipa aliyeumizwa. Kuanzia 2012 wakaiacha stika hiyo, kwa kuwa watu wengi tayari walikuwa na bima binafsi inayogharamia madhara kama hayo. Ukitaka kumjibu huyo bibi kwa vitendo, tafuta bima ya namna hiyo kama ipo kwenu, na simama ukimgonga mtu. Ndiyo, nimewaona wenzetu wasiosimama.

Kuna mahali ninapokubali kibati bila ubishi. Katika Umoja wa Ulaya, baiskeli ya umeme inayosaidia pedali hadi kilomita 25 kwa saa, kwa mota isiyozidi wati 250, ni baiskeli. Ile inayofika 45 inahesabiwa pamoja na pikipiki ndogo, na inapaswa kusajiliwa. Mstari umewekwa kwenye mwendo na nguvu, mahali ambapo hatari inaanza kubadilika. Ukiombwa pendekezo kwenye kikao, peleka hilo.

Limebaki la usajili wa kujua kitu ni cha nani, na hapa nimeumwa na nyoka. Baiskeli yangu ya kwanza ya maana iliibiwa. Wiki tatu baadaye niliiona kwa macho yangu, kwenye ua la vitu vilivyokamatwa. Ofisa akaniuliza namba ya fremu. Sikuwa nayo. Nikamwonyesha picha kwenye simu: mimi nikitabasamu, na kikapu. Akaitazama kwa upole, akasema vikapu vya namna hiyo viko vingi. Hakukosea. Niliiacha pale nikarudi kwa miguu.

Japani, tangu 1994, sheria inamtaka mwenye baiskeli aisajili, kwa kawaida pale dukani anaponunua, na stika inabandikwa kwenye fremu. Si kodi ya kila mwaka. Shabaha ni mwizi. Kama kwenu hakuna mpango huo, jisajili mwenyewe jioni ya leo. Pindua baiskeli isimame kwa siti na usukani. Safisha kwa kitambaa chenye mafuta ya taa pale chini, mahali ekseli ya pedali inapopita kwenye fremu. Namba nyingi zimegongwa hapo, nyingine ziko kwenye bomba la siti au shingoni chini ya usukani. Ipige picha kwa tochi ya pembeni, si ya mbele, ili tarakimu zitoe kivuli. Soma kwa sauti huku ukiandika, maana 8 na B hudanganya.

Piga picha baiskeli nzima upande wa cheni, kisha alama ambazo hakuna nyingine inazo: mkwaruzo, spoku iliyobadilishwa, rangi iliyochubuka kwenye kereia. Weka pamoja na risiti, na ujitumie kwenye barua pepe yako, kwa sababu simu nayo huibiwa. Kama ulinunua mkononi, mwombe aliyekuuzia aandike mistari miwili na kuweka sahihi; mwenye mali ya halali hatakataa.

La mwisho nilifundishwa na fundi wangu. Andika jina na namba yako ya simu kwenye karatasi, ikunje ndani ya nailoni, chomoa siti, itumbukize kwenye bomba, rudisha siti. Mwizi hupaka rangi upya na kubadilisha kikapu, lakini ndani ya bomba haangalii. Ukibadilisha namba ya simu, kumbuka kubadilisha na karatasi. Yangu ya sasa ni ya tatu.