Kurekebisha Thamani ya Wachezaji kwa Nafasi katika Fantasi ya Besiboli

Mwaka 2025 Cal Raleigh wa Seattle Mariners alipiga homurani 60 (mipigo inayomwezesha mpigaji kuzunguka vituo vyote) na kuingiza mikimbio 125, yaani pointi zilizopatikana kwa mapigo yake, huku Kyle Schwarber wa Philadelphia Phillies akipiga homurani 56 na kuingiza mikimbio 132. Kwa takwimu hizo peke yake wawili hawa wangekaa jirani kwenye orodha, lakini Raleigh ni mdakaji, yaani anayedaka mipira nyuma ya mpigaji, ilhali Schwarber kwa sehemu kubwa ya msimu alipiga tu bila kulinda uwanjani. Kwa meneja wa ligi ya fantasi, mchezo ambamo mashabiki huunda vikosi vya wachezaji halisi na kushindana kwa takwimu zao, tofauti hiyo ina uzito kuliko homurani nne.

Kazi huanza kwa kumpa kila mchezaji alama moja ya jumla kutokana na makadirio ya msimu ujao, bila kujali anacheza wapi. Baada ya hapo wapange kwa nafasi na uhesabu ni wangapi watakaochukuliwa na mameneja wote. Katika ligi ya mameneja 12, ambamo kila kikosi kina wadakaji wawili na wachezaji watano wa uwanja wa nje (wanaolinda sehemu iliyo mbali na mpigaji), watachukuliwa wadakaji 24 na wachezaji 60 wa uwanja wa nje. Mdakaji wa 25 na mchezaji wa nje wa 61 ndio kipimo chako, kwa sababu hao wanapatikana bila gharama. Basi alama za kila mmoja wao zitoe kwenye alama za wenzake wa nafasi ile ile.

Tuseme mdakaji fulani ana alama 12 na mchezaji wa nje ana 17. Ikiwa mdakaji wa 25 yuko chini ya sifuri kwa alama nne, na yule wa nje wa 61 ana alama sita, mdakaji anafikia 16 na mwenzake anashuka hadi 11. Hakuna aliyependelewa hapo: Ligi Kuu ya Besiboli ya Marekani ina timu 30 tu, na kwa kuwa kudaka kunachosha mwili, wadakaji hupumzishwa mara kwa mara, hivyo wa 25 huwa na takwimu hafifu.

Wengi hupima uhaba kwa kutazama nyota wa nafasi, na hapo ndipo hesabu inapopotoka, kwani kinachoamua ni ubora wa yule wa kwanza kubaki bila kuchukuliwa. Kwa sababu hiyo, ligi yenye mdakaji mmoja kwa kikosi isitumie marekebisho ya ligi yenye wawili. Mdakaji wa 13 ni bora zaidi kuliko wa 25, na nyongeza hupungua.

Mchezaji anayeruhusiwa nafasi zaidi ya moja mhesabu pale ambapo kipimo kiko chini zaidi. Nafasi huru, ambayo mpigaji yeyote anaweza kuijaza, huongeza idadi ya wanaochukuliwa, kwa hiyo rudia hesabu hadi vipimo vitulie.

Ikiwa ligi yako ni ya mnada wa dola 260 kwa kikosi cha wachezaji 23, fedha yote ni dola 3,120. Tenga dola moja kwa kila mmoja wa wachezaji 276, kisha dola 2,844 zinazobaki zigawe kwa uwiano wa alama zilizorekebishwa.