Ukienda Enceladus, shuka kusini na usiharakishe kuondoka

Tuseme chombo kipo na nafasi umepata, unaenda Enceladus, kale kamwezi ka barafu kanakozunguka sayari ya Zohali, kana upana wa kama kilomita 500 tu. Cha kwanza, shuka kusini. Kaskazini kumejaa mashimo ya vimondo, kusini ndo kuna ile mipasuko minne mirefu, kila mmoja kama kilomita 130, wanaiita milia ya chui milia, na humo ndo maji ya bahari iliyofunikwa na barafu yanaruka nje kama michirizi, mvuke na chembe za barafu juu kabisa angani. Cassini, chombo cha utafiti kilichokuwa kikizunguka Zohali, ndo kilituonyesha mwaka 2005 na mimi mpaka leo nikiziangalia zile picha mwili unanisisimka.

Sasa muda, hapa ndo wengi wataharibu safari. Mzunguko mmoja ni kama masaa 33 na njia yake si duara kamili, kakifika mbali zaidi na Zohali ile mipasuko inavutwa inaachia na michirizi inakuwa na nguvu kuliko saa nyingine yoyote, kwa hiyo we kaa siku mbili nzima usiikose. Alafu usiangalie jua likiwa mgongoni kwako, hutaona kitu! Zunguka mpaka michirizi iwe kati yako na jua, hapo zile chembe zinawaka kama vumbi kwenye mwanga wa dirishani. Na jua lipo, tangu 2025 limehamia upande wa kusini.

Zohali yenyewe haichomozi wala haizami. Ukiwa karibu na ncha ya kusini utaona nusu yake tu imekaa kwenye upeo kama kuba, kwa macho inaonekana pana zaidi ya mara 50 ya mwezi wetu tunavyouona nyumbani, ila pete zake usizifuate huku, ni kamstari kembamba tu maana uko usawa nazo.

Kutembea nako kuna kazi yake. Mtu wa kilo 70 anajisikia kama gramu 800, ukiruka kama ulivyozoea nyumbani unaelea karibu dakika nzima kabla ya kutua, na huwezi kugeuza njiani kama chini yako kuna ufa, kwa hiyo funga kamba kwenye chombo na nenda taratibu sana. Baridi ni kama nyuzi 200 chini ya sifuri, hewa hakuna.

Na tafadhali, suti na vifaa viuliwe vijidudu vyote kabla hujashuka. Maji yale yana chumvi, yana fosfeti ambayo viumbe hai wanaihitaji, huenda kuna viumbe mle, na Cassini yenyewe mwaka 2017 waliiacha iungulie ndani ya Zohali makusudi isije ikaanguka hapo na vijidudu vya kwetu. Taka zako zote, mpaka mifuko ya haja, rudi nazo.