Namna ya kuandaa jalada la udanganyifu wa mtihani chuoni

Mwanafunzi akikamatwa anadesa kwenye mtihani, kamati ndiyo itakayoamua, lakini itaamua kwa makaratasi utakayoipelekea wewe wa ofisi ya mitihani. Nimeandaa majalada haya miaka mingi, na bado inaniuma nikiona mtu ameonewa kwa sababu fomu ilijazwa ovyo.

Hatua ya 1: Fomu ya tukio ijazwe palepale. Msimamizi aandike alichokiona kwa macho yake. “Alikuwa anadesa” ni hukumu, irudishe. Unachotaka ni hivi: “Saa 3:40 asubuhi nilimwona akivuta kikaratasi chini ya kijitabu cha majibu, kimeandikwa kwa kalamu ya bluu pande zote mbili.” Weka namba ya usajili, namba ya kiti na jina la msimamizi wa pili. Mwanafunzi asaini. Akikataa, andika kwamba amekataa, na shahidi asaini.

Hatua ya 2: Funga kielelezo. Bahasha, gundi, saini zikatize mdomo wa bahasha, kisha daftari la makabidhiano. Niliwahi kupokea kikaratasi kimebanwa kwa pini tu. Siku ya kikao kijana akauliza, “Nitajuaje kwamba hicho ndicho mlichonikuta nacho?” Hakuna aliyeweza kumjibu. Aliachiwa, na ilikuwa haki yake.

Kama ni simu, izimwe mbele yake na ifungwe hivyohivyo. Usiperuzi meseji zake. Tangu 2022 hapa Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi.

Hatua ya 3: Fungua jalada la siri, lenye namba badala ya jina juu ya jalada. Kurasa zipewe namba.

Hatua ya 4: Barua ya wito. Hapa usiharakishe. Ibara ya 13(6)(a) ya Katiba inampa mtu haki ya kusikilizwa kwa ukamilifu na haki ya kukata rufaa, na kamati ya chuo nayo inaguswa. Taja tuhuma, kifungu cha kanuni za mitihani, siku, saa na mahali, na ambatisha nakala za ushahidi. Mpe siku za kutosha kuandaa utetezi. Mkabidhi mwenyewe, asaini nakala yako. Usimtume CR (mwakilishi wa darasa), wala usiweke kwenye grupu la WhatsApp la darasa.

Kwa kazi zilizonakiliwa, ambatisha ripoti nzima ya Turnitin, programu inayolinganisha kazi ya mwanafunzi na maandishi mengine. Asilimia peke yake haisemi kitu: orodha ya marejeo na nukuu zilizowekwa sawasawa nazo huweza kuhesabiwa. Kipimo chake cha maandishi ya akili mnemba, kilichoanza Aprili 2023, kichukue kama dokezo tu. Omba rasimu za mwanafunzi.

Hatua ya 5: Kikao. Mhadhiri aliyelalamika aje kama shahidi, asikae na wajumbe. Kwenye muhtasari andika maneno ya mwanafunzi kama alivyoyasema.

Hatua ya 6: Barua ya uamuzi iwe na sababu, adhabu, na siku ya mwisho ya kukata rufaa.

Muda wote huo matokeo yasomeke “yamezuiwa”, kamwe yasiwe sifuri. Akisafishwa, ingia kwenye mfumo siku hiyohiyo uondoe zuio. Bodi ya Mikopo husubiri matokeo kutoka chuoni, na zuio lililosahaulika linaweza kumkosesha bumu, yaani pesa zake za mkopo, mtu aliyekwisha kuonekana hana hatia. Mwite, afungue akaunti yake mbele yako, muyaone matokeo wote wawili, ndipo ufunge jalada.