Kujaribu asidi ya salisiliki kwenye maharage yanayodhuriwa na ozoni

Ozoni, gesi ya aina ya oksijeni, iliyo karibu na ardhi huingia ndani ya jani kupitia stomata, yaani vitundu ambavyo mmea huvutia hewa, kisha huzalisha kemikali kali za oksijeni zinazoharibu utando wa seli. Mmea hujitetea kwa homoni zake: asidi ya abisisiki hufunga stomata, ingawa kwa kufanya hivyo huzuia pia hewa ya ukaa ambayo jani linaihitaji, na asidi ya jasmoniki hupunguza kuenea kwa madoa, ilhali ethilini ikizidi huchochea seli kufa. Asidi ya salisiliki, ambayo nayo ni homoni ya mmea, ina sura mbili, kwani kidogo huamsha vimeng'enya vinavyozima kemikali hizo za oksijeni, na nyingi huunguza jani lenyewe. Kwa sababu hiyo mimi huhangaika zaidi na mizani kuliko na bomba.

Hatua ya 1. Thibitisha kwamba tatizo ni ozoni. Kagua majani makongwe: vidoa vidogo vya rangi ya shaba hutokea upande wa juu, katikati ya mishipa, huku mishipa ikibaki kijani. Ukikuta unga wa kutu unaofutika kwa kidole, au utitiri upande wa chini, tibu hayo kwanza.

Hatua ya 2. Pima miligramu 69 za asidi kwa kila lita ya maji, kiasi ambacho ni sawa na nusu ya milimoli (kipimo cha kikemia cha wingi wa molekuli). Mizani ya jikoni haifai. Kwa kuwa asidi hii haiyeyuki vyema katika maji baridi, iyeyushe kwanza katika ethanoli kidogo, kisha uimimine polepole ndani ya maji huku ukikoroga. Vaa glavu na miwani.

Hatua ya 3. Tenga mistari ya kulinganishia, nayo uinyunyizie maji yenye ethanoli kiasi kilekile. Bila mistari hiyo hutajua kama ni dawa iliyosaidia au ni hewa iliyobadilika.

Hatua ya 4. Nyunyizia mimea michache alfajiri na usubiri siku tatu. Majani yasipoungua, endelea na iliyobaki, asubuhi vilevile, kwa kuwa ozoni hutengenezwa na mwanga wa jua na kwa kawaida hufikia kilele alasiri.

Hatua ya 5. Wakati wa mavuno, pima uzito wa mbegu kavu za pande zote mbili, kwa maana jani la kijani peke yake si ushahidi. Uzito usipotofautiana, acha kunyunyizia na msimu ujao ulinganishe aina nyingine za mbegu.