Kutoa skrubu iliyoganda kwenye bunduki kuukuu ya mitutu miwili

Fungua bunduki, hakikisha vyumba vyote viwili vya risasi ni vitupu, kisha toa mitutu uiweke mbali na meza ya kazi.

Kwenye bunduki za Kiingereza za kabla ya 1914, kinachoharibu skrubu mara nyingi si kutu, ni bisibisi. Mfereji wa kichwa ni mwembamba mno na kuta zake zimesimama wima, ilhali ncha ya bisibisi ya dukani imechongwa kama kabari. Ukiikaza inapanda juu na kula kingo. Ichonge kwa jiwe la kunolea mpaka pande zake ziwe sambamba, ijae mfereji na kugusa chini. Isiwe pana kuliko kichwa, maana itakwaruza nakshi iliyokizunguka. Hapa usione uvivu: bila ncha inayokaa sawasawa, mengine yote ni bure.

Chokonoa uchafu mferejini kwa sindano. Changanya asetoni na mafuta ya gia otomatiki nusu kwa nusu, tikisa (hujitenga upesi), dondoshea tone moja kichwani, uache usiku kucha. Tone moja linatosha. Mafuta yakizama kwenye kitako, mbao hulainika na kuwa nyeusi, na asetoni huvua vanishi.

Ikigoma, bana ncha ya pasi ya kulehemu kichwani kwa dakika moja au mbili, kisha acha ipoe. Skrubu hutanuka na kunywea, kutu ikapasuka. Moto wa gesi usiusogeze karibu: huua rangi za chuma kilichokomazwa, na lehemu inayoshikilia ubavu wa mitutu (ukanda wa chuma ulio kati yake) huanza kulegea kwenye nyuzi joto 200 hivi za Selsiasi.

Njia ya uhakika zaidi ni keekee ya mezani, ikiwa imechomolewa umeme. Funga ncha ya bisibisi kwenye taya zake na ubane bunduki kwenye jiliwa lenye ngozi. Shusha mkono wa keekee ukandamize kwa nguvu, huku mkono mwingine ukizungusha taya. Ncha haiwezi kuruka. Anza kwa kukaza kidogo sana. Skrubu ikilia “tik”, geuza ulegeze.

Kila skrubu ichomeke kwenye kadibodi yenye mchoro wa bunduki. Nyuzi za kila skrubu (mistari inayozunguka mwili wake) zilikatwa peke yake, kwa hiyo skrubu haziwezi kubadilishana matundu.

Kichwa kikikatika, piga alama katikati kabisa, utoboe kwa msumari wa keekee unaokata kinyume, yaani ukizunguka upande wa kulegeza. Mara nyingi kipande hutoka chenyewe kabla hujamaliza.