Kabla hujaagiza nyuzi zako za DNA

Uzi wa kwanza nilioubuni mwenyewe ulikuwa huu: GGCATCTTTTGATGCC. Herufi 16, nusu yake G na C, kama tulivyofundishwa. Nikauagiza, nikasubiri wiki tatu, nikauchanganya na mwenzake (uzi uliobuniwa kushikana nao, A kwa T na G kwa C) kwa joto la chumba. Kwenye jeli, inayotenganisha vipande vya DNA kwa ukubwa, ilionekana karibu hawakushikana kabisa.

Chukua herufi sita za mwisho, zisome kutoka nyuma, kisha weka A penye T, G penye C na kinyume chake. Unapata GGCATC, yaani zile sita za mwanzo! Uzi ulikuwa umejikunja, kichwa kimekumbatia mkia, T nne zikabaki kitanzi. Mimi nilikagua kwa kusoma kushoto kwenda kulia tu, nikasahau kwamba nyuzi mbili hushikana zikielekea pande tofauti. Siku hizi kila uzi nauandikia 5′ na 3′ (majina ya ncha zake mbili, yanayoonyesha unaelekea wapi) kabla ya kitu kingine chochote.

Dawa ninayoitegemea zaidi ni kuinyima G nafasi. Nyuzi za kubeba ujumbe ziandike kwa A, C na T pekee. C ikikosa G ya kushikana nayo, uzi hauna nguvu ya kujikunja. Timu ya Leonard Adleman, mwanasayansi wa kompyuta anayejulikana kwa kupiga hesabu kwa DNA, ilifanya hivyo mwaka 2002, ilipotumia nyuzi kutafuta jibu moja kati ya 1,048,576 yanayowezekana. Mfano wangu: CATTCTACACTATCC. Usiweke C nne mfululizo, maana mwenzake atapata G nne, nazo hupenda kushikana zenyewe kwa zenyewe.

Kisha piga hesabu ya joto la kuachana: 2 kwa kila A au T, 4 kwa kila G au C. Huo wangu unatoa nyuzi 42 (za joto, si za DNA, Kiswahili nacho!). Ni makadirio tu ya nyuzi fupi, lakini yanatosha kuona nani amewazidi wenzake.

Kazi ya kuchosha ni kulinganisha kila uzi na kila mwingine, kuona nani atashikana na asiyetakiwa. Nyuzi 10 na wenzake 10 ni jozi 210, ukihesabu kila mmoja na nafsi yake. Hapo iachie NUPACK, programu ya kompyuta inayokadiria nyuzi zitakavyoshikana, ila ijazie joto na chumvi ya jaribio lako halisi.

Uzi ukigoma, badilisha herufi moja ya katikati, umrekebishe mwenzake pia (nimewahi kusahau), halafu rudia kukagua jozi zote za hao wawili, si ile iliyogoma tu.