Viza ya hifadhi ikikataliwa Australia: ya kuweka sawa kabla ya kwenda mahakamani

Anza na tarehe. Baraza linalopitia upya uamuzi wa wizara ya uhamiaji (ART, lililochukua nafasi ya baraza la zamani, AAT, Oktoba 2024) likikukatalia, una siku 35 za kufungua shauri katika mahakama iitwayo Federal Circuit and Family Court. Zinahesabiwa tangu tarehe iliyoandikwa kwenye uamuzi, si siku mpwa wako alipokaa akakusomea. Ukichelewa utaomba nyongeza ya muda kwa maandishi na kueleza sababu, na jaji anaweza kukataa.

Halafu ujue unakwenda kulalamikia nini. Wengi hubeba picha za makovu na barua ya mchungaji, kumbe jaji haamui kama kweli ulikimbia Uvira, kule Kongo, kwa hofu. Anatazama uamuzi ulivyofikiwa: ulisikilizwa kwa haki? Hata ukishinda hupewi viza. Faili linarudi barazani lisikilizwe upya.

Ndiyo maana mimi naona rekodi ya sauti ya kikao ina thamani kuliko barua kumi. Iombe mapema. Isikilize pamoja na mtu anayekijua Kiingereza na Kiswahili chako. Nasema chako, maana cha Bukavu si cha Mombasa. Ulisema "ndugu yangu aliuawa" ukimaanisha mtoto wa ba'mdogo, mkalimani akamfanya kaka wa tumbo moja, na kwenye fomu hukuandika kaka yeyote. Ulisema walivamia saa nane usiku, ikatoka nane ya Kizungu, yaani saa mbili, watu wakiwa bado mezani. Hapo ndipo mtu huitwa mwongo. Andika dakika ya kila kosa, tafsiri sahihi, na aya ya uamuzi inayolitegemea kosa hilo, kisha viingie kwenye hati ya kiapo. Kulalamika tu kwamba mkalimani alikuwa mbovu hakutoshi: lazima ionekane kwamba bila kosa hilo uamuzi ungeweza kuwa mwingine.

Linganisha pia barua mbili za kukataliwa, ya wizara na ya baraza. Mwaka 2006 Mahakama Kuu ya Australia ilimpa ushindi baharia Mwirani, kesi ya SZBEL, kwa kuwa baraza lilikataa sehemu za maelezo yake ambazo ofisa wa wizara hakuzitilia shaka, wala yeye hakudokezwa kwamba zinatiliwa shaka. Herufi hizo zimekaa mahali pa jina: sheria inakataza mahakama kutangaza jina la mwombaji hifadhi, kwa hiyo usiache kwenda kwa kuhofia waliobaki nyumbani.

Wakili mwulize gharama waziwazi, za kwake na za upande wa Waziri wa uhamiaji unayepambana naye mahakamani, maana anayeshindwa kwa kawaida huamriwa kuzilipa. Na unapoomba mkalimani wa mahakamani, usiandike "Kiswahili" ukaishia hapo. Kama chako ni cha Kongo, andika cha Kongo.